Maoni Yenye Muhuri wa Kijiji

Kwemhosi, Lushoto
4 Mei 2025

Mwanangu Yusufu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi wazima. Kikohozi cha ukungu kipo, nacho nimekizoea kama jirani.

Kitabu kimefika. Hamisi wa kabichi aliposimamisha lori pale njia panda alishuka mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi kichanga. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikapitisha kidole juu ya jina lako. Mfereji wa Juu, halafu chini yake Yusufu Shemhilu. Mimi niliishia darasa la nne, baba yako marehemu la saba, na tumemzaa mwandishi. Tena mwandishi ambaye mchana anatengeneza mafriji ya watu huko Dar es Salaam. Nimewaambia wenzangu wa kikundi cha kuweka akiba, wa kwenu akitengeneza friji, basi, anatengeneza friji tu, wangu anaandika na vitabu.

Alhamisi nilikwenda nacho gulioni, nikakizungusha kwa wauza viazi wote mpaka kwa wale wa karoti. Mama mmoja akaniuliza bei. Nikamwambia hiki si cha kununuliwa, hiki ni cha kuonwa. Sasa kiko kabatini ndani ya nailoni, kisije kikashika moshi.

Jambo linalonikosesha utulivu ni ile simu ya Jumatano. Ulisema unatafuta maoni, maoni hayapatikani, halafu mtandao ukakata. Sauti yako haikunipendeza. Tangu siku ile nikianza kupalilia naacha, nikibandika bada la unga wa muhogo nasahau kusonga. Maoni gani hayo ambayo yanaweza kumshinda mtoto wangu? Usinipigie. Kwenye simu mimi nawaza vocha na maneno yanaruka. Andika, umpe Hamisi siku akishusha kabichi, kama ulivyozoea.

Mama yako,
Mwanaidi


Tabata, Dar es Salaam
10 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Ahsante kwa karoti na mapeasi. Nitaeleza polepole, uniwie radhi kwa urefu.

Mtu akikutana na kitabu cha mwandishi asiyemjua, hutazama kwanza waliokisoma wamesema nini. Mwandishi mwenye kampuni nyuma yake hutangaziwa. Mimi nimejichapishia mwenyewe, kwa hiyo sina mpiga debe, nina wasomaji tu. Kitabu kipo kwenye duka la vitabu la mtandaoni, na pale chini kuna nafasi ya msomaji kuandika maoni yake na kutoa nyota, moja mpaka tano. Mpaka leo nina maoni matano. Moja ni la fundi mwenzangu. Jingine limetoa nyota mbili bila neno hata moja, na hilo ndilo ninalolala nalo.

Nimefanya yote wanayoshauri. Nimeweka ukurasa wa mwisho kumwomba msomaji aandike, walau mistari miwili. Nimegawa nakala kwenye kikundi cha wasomaji cha Sinza bila kuwawekea sharti. Niliowauzia nimewaandikia mmoja mmoja. Wote wananijibu, "Kitabu kizuri, kaka." Kizuri kaka haiandikwi popote, mama. Ninafungua ule ukurasa asubuhi, mchana, nikiwa juu ya ngazi nafunga kiyoyozi cha mtu, naufungua. Tano. Tano.

Kuna mradi unaonunua vitabu vya maktaba za vijijini. Wamekipenda, lakini wana kanuni: lazima kiwe na maoni thelathini ya watu waliokisoma, kabla ya Juni 30. Wakikichukua, kitafika maktaba sitini. Wasipokichukua, mama, nadhani nitaacha kuandika. Siwezi kuandikia ukuta.

Nimempa Hamisi nakala kumi. Wape watu wanaopenda kusoma. Wasome, waandike walichokiona, kiwe kizuri au kibaya, kila mtu kwa simu yake. Asilipwe mtu wala asilazimishwe.

Na wewe je? Umefika ukurasa wa ngapi?

Mwanao,
Yusufu


Kwemhosi
25 Mei 2025

Mwanangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Uliomba thelathini. Mama yako amekupatia sitini na matatu.

Nilijiuliza, mtoto wa Mwanaidi ahangaike na watu wa Sinza wakati kwao kuna watu? Jumanne kikundi kilikutana kwangu. Nikapika pilau, nikachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, na kabla sijapakua nikasimama. Nikasema jamani, kijana wetu anahitaji maoni, na maoni hayana gharama, ni mdomo tu. Nani atasema hana? Mtu akijenga nyumba hapa hatuingii kupima kuta, tunaingia kumpongeza. Katibu akafungua daftari, kila mtu akasema lake na kuweka sahihi, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Waliokuwa mashambani nikawafuata mpaka kwenye matuta yao, na daftari kwapani.

Ungesikia maneno. Katibu mwenyewe kasema kitabu hiki ni kinene na karatasi zake zimenyooka. Mikaeli, yule mstaafu wa shamba la chai, akasema, "Mimi sijakisoma, mama." Nikamwambia nani kakuuliza habari ya kusoma, wewe sema. Akasema, "Basi andika, namtakia afya njema." Shangazi yako Rukia peke yake ndiye aliyekunja uso. Akaniambia, "Wifi, nipe kitabu nikasome, ndipo niseme." Nikamjibu vitabu vimeisha. Unamjua shangazi yako, hata harusini lazima aonje chumvi kabla ya bibi harusi.

Nikaona yasije yakaitwa ya uongo, nikayapeleka ofisi ya kijiji. Mwenyekiti amegonga muhuri kila ukurasa, kurasa saba. Kisha nikashuka mjini kwa Pendo, binti wa Mikaeli, yule mwenye steshenari. Kayaingiza yote kwenye hilo duka lako kwa kompyuta yake, kwa mkupuo mmoja, na kila mtu kapewa nyota tano. Alitaka kumpa mmoja nne ili ionekane vizuri. Nikamuuliza huyo mmoja amekosa nini.

Zile nakala kumi ziko salama. Nimezifungia kabatini, hazina hata alama ya kidole.

Habari ya ukurasa tutaongea. Macho yangu siku hizi na maandishi madogo hayaelewani.

Mama wa mwandishi,
Mwanaidi


Tabata
30 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana.

Duka limefuta maoni yote. Si yale sitini na matatu tu, hata yangu matano yamekwenda. Ukurasa wa kitabu umefungwa mpaka nijieleze. Yote yametoka kompyuta moja, mchana mmoja, kati ya saa nane na saa kumi na moja. Moja linasema, "Mwandishi ni mtoto wa dada yangu na jalada ni la bluu." Jingine linanitakia afya njema. Mtu wa mradi naye ameona. Ameniandikia mistari miwili tu, ananiuliza kama mimi ni mwandishi au ni mgombea udiwani.

Nilikwambia wasome, mama. Nilituma vitabu kumi. Umevifungia kabatini na kupeleka daftari kwa mwenyekiti. Hukukuna kichwa hata kidogo ukajiuliza kwa nini nilituma vitabu?

Wewe mwenyewe hujakisoma. Umekitembeza gulio zima na hujakisoma.

Yusufu


Kwemhosi
5 Juni 2025

Yusufu,

Barua yako nimeipata. Nimeisomea kisimani, halafu nikairudia jikoni.

Kesho kutwa ni Idi. Nimempa Hamisi nyama iliyokaushwa na viazi. Kula.

Muhuri niliugongesha kwa nia njema. Kwa watu wengine mama asiyegongesha muhuri ndiye wanayemwita mama mwenye akili. Sawa.

Mimi siwezi kusimama mahali pamoja siku hizi, kwa hiyo barua hii ni fupi.

Mwanaidi


Tabata
11 Juni 2025

Mama yangu, shikamoo.

Nisamehe. Maneno yale yalitoka kwa mtu aliyekuwa amefungua simu mara arobaini siku hiyo. Nyama nimeila na majirani, wamekusifu mpaka nimeona wivu.

Habari ni hizi. Duka limekubali maelezo yangu, ukurasa umefunguliwa, mtupu. Nilimpigia mtu wa mradi, anaitwa Bwana Paskali, nikamweleza habari ya pilau na muhuri. Nikamsikia anacheka mbali na simu. Amesema kwa kuwa huko wengi hawana mtandao, atapokea maoni ya mkono kwenye karatasi, yenye jina na namba ya simu. Lakini atawapigia baadhi na kuwauliza ndani ya kitabu kuna nini. Tarehe haijasogea. Tuna siku kumi na tisa.

Vile vitabu kumi, mama. Ama uvigawe, ama umpe Hamisi avirudishe nitafute wasomaji huku. Sielewi kwa nini vimefungiwa. Watu wenyewe wamekuomba. Shangazi amenipigia, anasema amekuomba mara mbili.

Yusufu


Kwemhosi
15 Juni 2025

Mwanangu,

Umesema hujaelewa kwa nini nimefungia. Basi nitakueleza, na ukimaliza kusoma uichome barua hii.

Kitabu nimekisoma. Nilikianza siku ile ile nilipokipata, nikasoma taratibu kama ninavyosoma Juzuu, kidole chini ya mstari. Mpaka ukurasa wa arobaini na saba nilikuwa nacheka peke yangu, nasema huyu kweli ni damu yangu. Ukurasa wa arobaini na nane akatokea yule mwanamke, Bi Tausi. Mjane. Mwenye maneno mengi. Ukame umekaza, zamu ya maji si yake, ni ya wifi yake wa shamba la chini. Anakwenda alfajiri kwenye mfereji na vipande vya mgomba na udongo, anaziba njia ya mwenzake, maji yanageukia kwenye kabichi zake. Wazee wakiuliza anasema ni fuko, fuko ndio wametoboa kingo.

Nani alikuambia?

Ulikuwa ukame wa mwaka 2006, baba yako hata mwaka alikuwa hajatimiza kaburini. Nilifanya hivyo asubuhi tatu. Na niliwaambia fuko, kwa mdomo huu. Wazee wa mfereji wakasema Rukia hakulinda kipande chake, wakamnyang'anya zamu msimu mzima. Miche yake ilikauka mbele ya macho yangu, na mimi nikampelekea kabichi sita, akanishukuru. Miaka kumi na tisa nimekula naye sahani moja.

Sasa fikiria mimi nigawe vitabu kumi. Hapa kila mtu anajua mfereji gani upo juu na mjane gani ana maneno. Watafika ukurasa wa arobaini na nane, watanyanyua macho na kunitazama. Ndiyo maana nilitaka maoni ya watu wasiosoma. Nilitaka upate thelathini yako na mimi nibaki na uso wangu. Nilidhani vyote viwili vinawezekana.

Ni Rukia aliyekupa habari hii? Kama ni yeye, basi alijua siku zote, na sijui nitapita wapi nikienda kisimani.

Nakuomba jambo moja. Zitoe kurasa zile, arobaini na nane mpaka hamsini na tano. Nitumie vitabu visivyo nazo. Nitavigawa mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hata miguu ikivimba.

Mama yako


Tabata
18 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Hamisi anaondoka saa tisa, naandika nimesimama.

Hakuna aliyeniambia. Mwaka 2006 mimi sikuwa Kwemhosi, nilikuwa Magoma kwa bibi, ulinipeleka baada ya msiba. Shangazi hajawahi kunitajia jambo hilo hata kwa fumbo. Bi Tausi nilimtunga. Nilihitaji mtu mwenye shida ya kweli afanye kosa la kweli, nikamwaza usiku mmoja nikiwa nimekaa na compressor iliyokufa, ile pampu ya friji ya mtu. Wingi wake wa maneno nimeuchukua kwako, hilo nakiri, kwa sababu ninaupenda. Kosa lake nilidhani ni langu, nimelibuni mimi.

Sikujua, mama. Sasa najua kwa sababu umeniambia wewe.

Kurasa zile siwezi kuzitoa. Kitabu chote kimekaa juu yake, ukimtoa Bi Tausi hakibaki kitu. Lakini sitakulazimisha. Ukiona huwezi, mpe Hamisi vitabu Jumapili. Mradi utanipita, sitakuuliza tena, na sitakuwa na kinyongo. Naapa.

Barua yako sijaichoma. Nitaichoma ukiniambia mara ya pili.

Yusufu


Kwemhosi
29 Juni 2025

Mwanangu Yusufu,

Bahasha hii kubwa mpe huyo Bwana Paskali kabla ya jua la kesho kuzama. Hamisi nimemwapisha. Ndani mna karatasi ishirini na tatu.

Jumamosi ile barua yako ilipofika sikulala vizuri. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nimetoa vitabu kabatini nimempelekea Hamisi njiani, nimefika, nimerudi navyo. Jumapili hivyo hivyo. Hamisi akaniuliza, "Mama Yusufu, unavitembeza vipate hewa?" Nikamwambia endesha gari lako.

Jumatatu nikachukua kimoja nikateremka kwa shangazi yako. Alikuwa anachambua mbegu za viazi. Nikamwambia, wifi, nimekuletea kitabu, ila kabla hujasoma, sikia. Nikamweleza. Asubuhi tatu, mgomba, udongo, fuko. Sikupunguza wala sikupamba, na unajua mimi kupamba ni maradhi.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Udongo ule ulikuwa mwekundu. Shamba langu lote ni jeusi. Fuko gani anabeba udongo kutoka kwako?"

Nikamuuliza, ulijua?

"Siku ya kwanza."

Mbona hukusema kwa wazee?

"Ulikuwa na watoto watatu na kaka yangu yuko kaburini. Ningesema nini?" Kisha akainua uso. "Lakini nilikusubiri useme wewe, Mwanaidi. Mwaka wa kwanza nilisubiri kila siku. Kabichi zako sita niliwapa mbuzi."

Nikamwambia nisamehe. Alinisukumia kikapu cha mbegu, tukachambua wote mpaka adhuhuri, na nilipoaga akasema, "Kitabu kiache hapo." Siku mbili hakunisemesha. Yusufu, siku mbili zile nimezunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya tatu alipanda mwenyewe, akasema, "Vilivyobaki viko wapi? Siku zinakwisha, na wewe umekaa."

Tukavigawa pamoja. Tuliona kitabu kimoja kwa msomaji mmoja ni hasara, tukavipeleka kwenye mabanda ya kufungashia mboga. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafunga karoti. Mikaeli ndiye msomaji wa banda la juu, na akifika kwenye ugomvi anabadilisha sauti, mpaka wachukuzi wanachelewesha mizigo. Kule chini anasoma shangazi yako. Walipofika ukurasa wa arobaini na nane walinitazama, kama nilivyosema. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikawaambia endeleeni, kuna mengine mbele.

Maoni haya hayakuandikwa mchana mmoja wala kwa mwandiko mmoja. Wasiojua kuandika wameandikiwa na watoto wao nyumbani, siyo na mimi, mimi sikukaribia. Si mazuri yote. Mikaeli anasema wazee wako wanazungumza kama maafisa. Mama mmoja anasema mvua ya ukurasa wa tisini imenyesha Januari, na huku Januari hainyeshi hivyo. Wapo waliolia. Shangazi yako ameandika kurasa mbili, sijazisoma, amezifunga kwa gundi.

Yamepungua saba, najua. Watu tisa walinifuata wakasema wako tayari kusaini hata sasa hivi. Nikawaambia wakasome kwanza. Nimewakatalia mwenyewe, mtoto wangu, na mkono ulikuwa unaniwasha.

Mama yako,
Mwanaidi


Tabata
4 Julai 2025

Mama, shikamoo. Mfikishie na shangazi shikamoo yangu.

Nimekaa na zile karatasi usiku kucha kabla ya kuzipeleka. Habari ya mvua ya Januari ni kweli, nitarekebisha.

Bwana Paskali amehesabu ishirini na tatu na amesema kanuni ni thelathini. Akasoma tatu nne, akasoma ya shangazi yote. Kisha akasema atapiga simu tano. Kila mmoja akionyesha amekisoma kweli, atakwenda kuwaomba wakubwa wake wakubali ishirini na tatu. Mmoja akibabaika, basi.

Hakunitajia atampigia nani. Tafadhali usiwafundishe watu la kusema.

Yusufu


Kwemhosi
13 Julai 2025

Mwanangu,

Simu zimekuja. Sikumfundisha mtu. Nilikaa tu na moyo mkononi.

Alianza na Mikaeli, wakabishana kuhusu wazee mpaka chaji ikaisha. Akampigia mama wa mvua ya Januari. Akampigia katibu wa kikundi, yule aliyesema zamani karatasi zimenyooka, na safari hii akamsimulia kitabu chote kwa mpangilio mpaka Bwana Paskali akamwomba apumue. Shangazi yako alikwenda kuongelea nyuma ya zizi, hatukusikia kitu. Nilimuuliza kakwambia nini, akanijibu, "Kaniuliza, nikamjibu."

Ya tano nilingoja iende kwa yeyote. Imekuja kwangu. Jina langu halimo kwenye zile karatasi, mimi sikuandika, lakini shangazi yako, kumbe kwenye barua yake aliweka namba yangu na kusema, huyu muulizeni, yeye ndiye amekisoma kuliko sisi.

Akaniuliza, "Wewe ni nani wa mwandishi?" Nikasema mama. Nikamsikia anavuta pumzi, kama mtu aliyekwishajua atakachoambiwa. Akasema, "Haya mama, kitabu kikoje?"

Yusufu, ulimi ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumfikisha Mombo kwa miguu. Lakini nikamwambia, ni kizuri, mwanangu anajua watu, ila mwisho ameteleza. Yule Bi Tausi anaugua, wifi yake anakuja kumwosha miguu, yamekwisha. Amesamehewa hajafungua mdomo. Haiendi hivyo. Mtu akikuosha miguu na hujasema, yale maji yanakuunguza. Lazima aseme, tena mchana, na mwenzake awe na kazi mkononi, asimtazame. Na baada ya kusema lazima asubiri bila kujibiwa. Hizo siku za kusubiri mwandishi amezikimbia, na kitabu chote kilikuwa kinakwenda huko.

Nikajua nimekuharibia. Nikataka kuongeza kwamba ulikuwa wa kwanza darasani tangu la pili, nikajizuia.

Akaniuliza, "Nyota ngapi, mama?"

Nikamwambia nne.

Akasema, "Mama mzazi, nne?"

Nikamwambia hata ungekuwa wewe ndiye mwanangu. Akacheka, akasema kwa upande wake yeye ameridhika, lakini wakubwa wakae kwanza, jibu litakuja kwako wiki hii. Sasa sijui. Sijakaa chini tangu jana. Ukilipata usingoje Hamisi, piga simu, vocha hii nitaivumilia. Na wakisema ndiyo au wakisema hapana, mwisho ule uandike upya, nataka kuusoma kabla ya mvua za vuli.

Mama yako,
Mwanaidi